Kidhibiti kinachojirekebisha kikiyumbisha mtambo: kutoka dalili hadi kisababishi

Kidhibiti cha PID cha kawaida (kinachosahihisha kosa kwa ukubwa wake, mjumlisho wake na kasi yake, kwa mpangilio usiobadilika) kikikosea leo, kesho kitakosea vilevile, kwa hiyo unaweza kukichunguza kwa utulivu. Kidhibiti kinachojirekebisha hakikupi nafasi hiyo. Kinakadiria tabia ya mchakato huku kinauendesha, kinajipangia upya geini zake (geini ni uwiano kati ya kinachotoka na kinachoingia) kila baada ya sekunde chache, na ukifika na kompyuta yako kukiangalia, vigezo vilivyoleta tatizo nusu saa iliyopita vimeshafutwa na vingine. Ndiyo maana mafundi wengi hukata tamaa mapema, wakazima ujirekebishaji na kurudi kwenye PID, hata pale ambapo mchakato unauhitaji kweli.

Naandika haya nikiamini jambo moja: hitilafu nyingi za vidhibiti hivi hazimo kwenye hesabu zake. Zimo kwenye data tunayoilisha sehemu inayojifunza. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini swali ni lilelile: kidhibiti kimejifunza nini, na kimejifunza kutoka wapi?

Nitazungumzia hasa vidhibiti vinavyokadiria modeli kwa njia ya miraba midogo ya kujirudia (kila sampuli mpya inasahihisha kadirio ili jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo), ile iliyopata umaarufu baada ya kazi ya Karl Johan Åström na Björn Wittenmark mwaka 1973. Nitagusa pia vile vinavyofuata modeli ya rejea (mfano wa mwitikio unaotakiwa), na vile vinavyosoma umbo la wimbi la kipimo na kupanga PID kutokana nalo. Sehemu inayokadiria nitaiita kikadiriaji.

Gandisha ujifunzaji kwanza

Karibu kila kidhibiti cha aina hii kina swichi au biti ya kusimamisha kikadiriaji huku udhibiti ukiendelea na vigezo vilivyopo. Itumie. Usikimbilie kuweka kitanzi (mzunguko wa sensa, kidhibiti, vali na mchakato) kwenye mkono, yaani mtu aendeshe vali mwenyewe, kwa sababu hapo unazima vitu viwili kwa pamoja na hutajua kipi kilikuwa tatizo. Rudisha vigezo vya mara ya mwisho kitanzi kilipokuwa kizuri, vigandishe, kisha angalia grafu kwa muda unaotosha mizunguko mitano au sita ya kuyumba.

Kuyumba kukiisha, kikadiriaji ndicho cha kuchunguza. Kukiendelea kama mwanzo, ama mchakato umebadilika ama kuna kifaa kibovu: vali, pozishona (kifaa kinachoisogeza vali hadi pale ilipoamriwa), sensa, pampu. Sasa ndipo uweke kitanzi kwenye mkono. Kipimo kikitulia, chanzo kimo ndani ya kitanzi hiki. Kikiendelea kuyumba huku vali imesimama, wimbi linatoka kwa jirani, na huna sababu ya kugusa kidhibiti hiki hata kidogo. Ipo pia hali ya katikati, ambapo kugandisha kunapunguza kuyumba lakini hakukumalizi. Mara nyingi hiyo ni vali inayonata, na kikadiriaji kilikuwa kinauzidisha ugonjwa ambao tayari upo.

Halafu angalia kumbukumbu za mtambo. Kipimo na thamani lengwa havitoshi. Unahitaji amri iliyotumwa kwa vali, mahali vali ilipo kweli, kila kigezo kilichokadiriwa, kosa la utabiri, jumla ya ulalo wa matriksi ya kovariansi (jedwali la namba linaloonyesha kikadiriaji kina shaka kiasi gani juu ya vigezo vyake), na biti inayoonyesha kama ujifunzaji ulikuwa umewashwa. Mtambo usiorekodi haya unamlazimisha fundi kupiga ramli. Kama ningeruhusiwa kuomba kitu kimoja tu kwa anayefunga mfumo mpya, ningeomba hizi safu za kumbukumbu kabla ya kuomba algoriti bora.

Kimya kirefu, kisha mlipuko

Kitanzi kinatulia kwa saa nyingi. Kisha badiliko dogo tu la thamani lengwa linaifanya vali iruke kutoka upande mmoja hadi mwingine, vigezo vinakimbia mbali, mambo yanayumba kwa dakika kadhaa, halafu kitanzi kinatulia chenyewe. Baada ya muda, yaleyale. Wengi humlaumu mwendeshaji aliyebadilisha thamani lengwa, na hilo ni kumwonea. Brian Anderson alilichambua tatizo hili mwaka 1985 na kuonyesha linavyotokana na data isiyo na habari mpya.

Kikadiriaji chenye uwezo wa kufuata mabadiliko hulazimika kusahau data ya zamani. Kwa hiyo katika kila sampuli kovariansi hugawanywa kwa kigezo cha kusahau, λ, ambacho ni pungufu kidogo ya 1. Data yenye habari ikiingia, kovariansi hupungua na mambo yanasawazika. Mtambo ukitulia kabisa hakuna cha kuipunguza, ila kugawanya kunaendelea.

Piga hesabu uone. Chukua λ ya 0.98 na sampuli kila sekunde 5. Katika sampuli 500, ambazo ni chini ya dakika 42 za utulivu, kovariansi inakua zaidi ya mara 24,000. Ukipandisha λ hadi 0.995, sampuli hizo 500 zinaikuza mara 12 hivi tu, na unaweza kudhani umepona. Lakini zamu ya saa 8 ina sampuli 5,760, na mwisho wa zamu ukuaji umepita mara trilioni 3. Kovariansi kubwa maana yake kikadiriaji hakiamini tena kile kinachokijua. Sampuli ya kwanza yenye chochote ndani yake, hata kelele ya sensa, inapewa uzito wote.

Kwa hiyo kupandisha λ peke yake si tiba, ni kuahirisha. Tiba ni kusimamisha ujifunzaji pasipokuwa na cha kujifunza. Weka kitanzi kwenye mkono mtambo ukiwa umetulia, rekodi kelele ya kipimo, kisha kiagize kikadiriaji kisiguse vigezo mpaka kosa la utabiri lizidi mara 2 au 3 ya mkengeuko wa kelele hiyo na amri ya vali iwe imesogea kwa kiasi cha maana. Ongeza na ukomo wa juu wa jumla ya ulalo wa kovariansi, ili hata ukikosea kuchagua kizingiti, mlipuko uwe mdogo. Baadhi ya mifumo husahau tu katika mwelekeo ambao data mpya imeleta habari. Kama wako unao uwezo huo, uwashe.

Kuhusu λ yenyewe, kumbuka kwamba 1/(1 − λ) ni takriban idadi ya sampuli ambazo kikadiriaji kinazikumbuka: 50 kwa 0.98, 200 kwa 0.995. Kibadilisha joto kinachojenga utando ndani ya mabomba yake hubadilika kwa wiki nyingi. Kukipa kumbukumbu ya sampuli 50 za sekunde 5 ni kukiambia kwamba tabia yake ya dakika 5 zilizopita haina maana tena.

Utabiri ni mzuri, lakini geini imegeuka alama

Unaangalia kosa la utabiri, ni dogo kabisa. Unaangalia vigezo, na modeli inadai kwamba ukifungua vali ya mvuke joto litashuka. Fundi anaanza kushuku nyaya, msimbo, hata sensa. Mara nyingi vyote ni vizima.

Tuseme mchakato halisi ni y(t+1) = 0.9y(t) + 0.1u(t), na kidhibiti kimetulia kwenye u(t) = −2y(t). Kwa kuwa u daima inafuata y, data yote inasema kitu kimoja tu: y(t+1) = 0.7y(t). Sasa jaribu modeli yenye 1.1 na 0.2. Unapata 1.1 − 0.4, ambayo ni 0.7. Jaribu 0.5 na −0.1. Unapata 0.5 + 0.2, na hiyo pia ni 0.7. Modeli zote tatu zinatabiri data ileile bila kosa, na ya tatu ina geini yenye alama ya kinyume. Kikadiriaji hakina namna ya kuchagua kati yake. Kelele ndiyo inayochagua.

Kwa hiyo kosa dogo la utabiri, kitanzi kikiwa kimefungwa na kimetulia, si ushahidi wa modeli nzuri. Ukitaka ushahidi, lazima kitu kingine kisichotokana na y kisukume u: badiliko la thamani lengwa, au mfuatano wa hatua ndogo za nasibu zinazoongezwa kwenye amri ya vali. Hatua hizo ziwe kubwa kuliko kelele na ndogo kuliko kile ambacho ubora wa bidhaa unaweza kuvumilia. Zungumza na wenye mchakato kabla ya kuziwasha, wajue zinaanza lini na zinaisha lini, maana mwendeshaji anayeona vali inachezacheza bila maelezo atazima kila kitu, na atakuwa na haki.

Pamoja na hayo, funga mipaka ya vigezo kufuatana na fizikia ya mchakato. Kama unajua geini haiwezi kuwa hasi, wala kuzidi kiasi fulani, kiambie kikadiriaji kirudishe kila kigezo ndani ya mipaka hiyo. Ni mistari michache ya msimbo. Sijui kwa nini mifumo mingi bado inawashwa bila mipaka hiyo.

Wimbi halikomi, na kidhibiti kinazidi kulegea

Kipimo kinapanda na kushuka kwa kimo kilekile. Kidhibiti kinaona kuyumba, kinapunguza geini. Kimo hakipungui, ila kipindi cha wimbi kinarefuka. Kidhibiti kinapunguza tena. Baada ya siku chache kitanzi kimekuwa kizito kiasi kwamba hakiwezi kupambana na badiliko lolote la mzigo, na wimbi bado lipo.

Hii ni vali inayonata. Shina lake limeshikwa na ugandamizo wa pakingi (kizibo kinachozuia uvujaji kwenye shina), amri inaongezeka taratibu kwa nguvu ya sehemu ya intagro, ile inayojumlisha kosa, vali haisogei, haisogei, kisha inaruka kupita pale inapotakiwa. Hadithi inaanza upya upande wa pili. Kimo cha wimbi kinaamuliwa na ukubwa wa ruko hilo, na geini inaamua tu itachukua muda gani kulifikia. Vidhibiti vinavyosoma umbo la wimbi vinadanganyika kirahisi hapa, kwa sababu vinachokiona kinafanana na kitanzi chenye geini kubwa mno.

Umbo la grafu litakusaidia. Kwenye kitanzi cha mtiririko, amri ya vali inachora pembetatu, na kipimo kinachora kitu kinachokaribia mraba: kimelala, kinaruka, kinalala tena. Kuyumba kunakotokana na geini kubwa kuna umbo la duara zaidi katika grafu zote mbili.

Thibitisha hivi. Weka kitanzi kwenye mkono, mtambo ukiwa umetulia. Ongeza amri kwa asilimia 0.5, subiri kipimo kipate muda wa kujibu. Ongeza 0.5 tena. Endelea mpaka kipimo kisogee, andika umetumia kiasi gani, kisha geuza mwelekeo na urudie. Vali yenye pozishona nzuri hujibu ndani ya hatua moja au mbili. Kama umefika asilimia 3 au 4 bila kipimo kuonyesha chochote, kisha kikaruka kwa mkupuo, acha kompyuta, chukua spana. Pakingi iliyokazwa kupita kiasi, pozishona iliyolegea, hewa yenye shinikizo dogo, hivi ndivyo vya kutazama. Hakuna ujirekebishaji utakaoponya chuma kinachokwama, na kuuacha umewashwa wakati huo ni kuuruhusu uandike modeli ya uongo juu ya mchakato mzima.

Vigezo vinahama kila mzigo unapobadilika

Hapa visababishi ni vitatu, na mara nyingi vinakuja pamoja.

Cha kwanza ni kiwango cha msingi. Modeli nyingi hudhani kwamba amri ikiwa sifuri kipimo nacho ni sifuri. Mtambo haufanyi kazi hivyo. Mzigo ukihama, kiwango cha msingi kinahama, na kikadiriaji kisicho na mahali pa kukiweka kinakibebesha kigezo cha geini. Kilishe tofauti kati ya sampuli moja na inayofuata badala ya thamani zenyewe, au ongeza kigezo cha kudumu kwenye modeli. Ukitumia tofauti, kelele ya kasi inakuzwa, kwa hiyo pitisha kipimo na amri kwenye vichujio vinavyofanana kabisa. Kichujio kikiwekwa upande mmoja tu, kikadiriaji kitajifunza kichujio chako.

Cha pili ni amri isiyotekelezwa. Kidhibiti kimetaka asilimia 108, vali imefika 100. Au kuna kikomo cha kasi, au kitanzi cha ndani kimewekwa kwenye mkono. Kikadiriaji kikipewa 108 kinahitimisha kwamba mchakato umekuwa mvivu. Kipe kile ambacho vali imekifanya kweli, kutoka kwenye kisoma nafasi cha vali yenyewe kama kipo, na ugandishe ujifunzaji muda wote vali ikiwa kwenye ukomo.

Cha tatu ni ucheleweshaji, na hiki ndicho kinachohitaji subira. Chukua bomba lenye ujazo wa mita za ujazo 0.06 kati ya mahali dawa inapoingizwa na mahali sensa ilipo. Mtiririko ukiwa mita za ujazo 12 kwa saa, maji yanachukua sekunde 18 kufika. Ukishuka hadi 4, yanachukua sekunde 54. Kama modeli imepewa sekunde 18 na sampuli ni za sekunde 6, kwenye mtiririko mdogo athari ya amri inachelewa kwa sampuli sita zaidi ya inavyotarajiwa. Vigezo vya mwanzo vya amri vinapaswa kuwa sifuri, na vinachezacheza kuizunguka, mara chanya mara hasi. Kidhibiti kinachogawanya kwa kigezo cha kwanza kati ya hivyo kitatoa amri kubwa mno kwa mwelekeo wowote. Ukiona kigezo hicho kinavuka sifuri kila mtiririko unaposhuka, umeshampata mhalifu.

Kwa kuwa mtiririko unapimwa, ucheleweshaji hauhitaji kukadiriwa hata kidogo. Ukokotoe moja kwa moja. Njia ninayoipenda zaidi ni kuchukua sampuli kwa ujazo badala ya kwa saa, yaani sampuli moja kila baada ya kiasi fulani cha maji kupita. Katika kipimo hicho ucheleweshaji wa bomba unakuwa idadi ileile ya sampuli siku zote, na kikadiriaji kinabaki na kazi inayokifaa.

Kipimo kimetulia, vali haipumziki

Grafu ya kipimo inapendeza. Lakini amri ya vali inaruka juu na chini kila sampuli, sampuli hii juu, inayofuata chini, na miruko inakua. Mwendeshaji hajaona tatizo bado, pakingi ya vali imeshaliona.

Kidhibiti kinachojaribu kufuta mienendo yote ya mchakato, kama kile cha mtawanyiko mdogo kabisa (kinachotaka kipimo kiyumbe kidogo iwezekanavyo), hufuta pia ziro za modeli, yaani mizizi ya sehemu ya juu ya mlinganyo wake. Ziro ikiwa nje ya duara la kizio (duara la nusu kipenyo 1, ambalo ndilo mpaka wa uthabiti), kuifuta kunazalisha amri inayokua bila kuonekana kwenye kipimo. Ziro hizo si lazima ziwe za mchakato wenyewe. Mwaka 1984 Åström, Hagander na Sternby walionyesha kwamba mchakato ambao nguzo zake (mizizi ya sehemu ya chini ya mlinganyo) zinazidi ziro zake kwa zaidi ya mbili utapata ziro zisizo thabiti ukichukuliwa sampuli kwa kasi ya kutosha. Yaani tunajiletea wenyewe, kwa sampuli za haraka mno.

Sampuli za haraka zina madhara mengine. Mchakato wenye konstanti ya muda (kipimo cha wepesi wake wa kujibu) ya sekunde 200, ukichukuliwa sampuli kila sekunde 0.1, una kigezo cha 0.9995. Kikadiriaji kikikisoma 0.9990, kosa ambalo hutaliona kwenye skrini, kimeshasema kwamba konstanti ya muda ni sekunde 100. Kwa sampuli za sekunde 20, mchakato huohuo una 0.905, na kosa la ukubwa huo lingehitaji kigezo kishuke hadi 0.819. Lenga sampuli 4 hadi 10 katika muda ambao kipimo kinapanda kutoka kiwango kimoja hadi kingine. Kisha chagua muundo wa kidhibiti unaoadhibu mwendo wa vali, kama udhibiti wa utabiri wa jumla uliotolewa na Clarke, Mohtadi na Tuffs mwaka 1987, badala ya ule unaofuta kila kitu.

Geini inapanda polepole, wiki baada ya wiki

Hii hujitokeza zaidi kwenye vidhibiti vinavyofuata modeli ya rejea. Mambo ni mazuri, kosa ni dogo, lakini geini inaongezeka kidogo kidogo na haishuki. Siku moja kitanzi kinavuka mpaka wa uthabiti.

Sheria ya kujirekebisha inajumlisha kosa muda wote. Kelele na misukosuko isiyoweza kuondolewa huacha kosa dogo lisiloisha, na mjumlisho wake una mwelekeo. Rohrs na wenzake walilionyesha hili katika miaka ya 1982 hadi 1985 kwa mfano ambao bado unafaa kujaribiwa kwenye kompyuta: mchakato uliochukuliwa kuwa 2/(s+1), huku kwa kweli una mienendo ya ziada 229/(s² + 30s + 229) ambayo modeli haikuijua. Wimbi la radiani 16.1 kwa sekunde, ambapo awamu ya mchakato kamili ni nyuzi −180, lilitosha kuipeleka geini kusikorudi. Hesabu za uthabiti zilizokuwapo zilikuwa sahihi kwa mchakato ambao haukuwa ule uliopo.

Tiba ziko tatu na zote zinafaa kuwashwa: eneo mfu ambamo kosa dogo halisababishi marekebisho, uvujaji unaovirudisha vigezo taratibu kwenye thamani ya kuanzia, na mipaka niliyoitaja juu. Chuja pia masafa ya juu kutoka kwenye data ya kujifunzia, kwa sababu huko ndiko modeli isikojua kitu.

Angalia pia kama tatizo linategemea ukubwa wa thamani lengwa. Kwa kanuni ya MIT, sheria ya awali ya kujirekebisha ya mwishoni mwa miaka ya 1950, thamani lengwa ikiongezeka maradufu kasi ya kujifunza inaongezeka mara 4. Kitanzi kilichopangwa vizuri kwenye uzalishaji mdogo kinayumba kwenye uzalishaji mkubwa bila chochote kuharibika. Gawanya marekebisho kwa nguvu ya ishara, na tofauti hiyo inapotea.

Geini isiyoshuka inapotakiwa si jambo la kulichukulia kirahisi. Tarehe 15 Novemba 1967 rubani Michael Adams alifariki katika ndege ya utafiti X-15. Ajali ilikuwa na visababishi vingine vilivyoianzisha, lakini mwishoni mfumo wa kujirekebisha MH-96 ulikuwa umenaswa katika kuyumba na haukupunguza geini yake. Kwenye mtambo wa moto au wa kemikali, weka kinga huru inayopima kuyumba na kushusha geini bila kuuliza kikadiriaji.

pH: kikadiriaji hakiwahi kufika

Vigezo vinaruka katika kila wimbi na havitulii, hata ukibadilisha λ mara ngapi. Hapa unakitaka kikadiriaji kifanye kazi isiyo yake.

Maji yenye asidi kali bila bafa (kemikali zinazozuia pH isibadilike kirahisi) yanahitaji takriban moli 0.0009 za besi kwa lita kutoka pH 3 hadi 4. Kutoka 6 hadi 7 yanahitaji karibu moli 0.000001. Geini imebadilika mara 900 hivi, na kipimo kinaweza kupita sehemu zote mbili ndani ya yumbo moja. Hilo si badiliko la mchakato kwa muda. Ni umbo la mkunjo wa titresheni, yaani grafu ya pH dhidi ya kiasi cha besi kilichoongezwa. Kikadiriaji kinachohitaji makumi ya sampuli kitafika pale kipimo kilipokuwa, si kilipo.

Geuza kipimo kupitia mkunjo wa titresheni kwanza, ili kidhibiti kione ziada ya asidi au besi badala ya pH. Kilichobaki, yaani bafa inayobadilika taratibu kadiri malighafi zinavyobadilika, ndicho ukiachie kikadiriaji. Mgawanyo huo unafaa popote: kinachobadilika haraka na kinajulikana, kipewe jedwali la geini, kinachobadilika polepole na hakijulikani, kijifunzwe.

Mengine, kwa kifupi

Kitanzi kinayumba vibaya dakika za kwanza tu baada ya kuwashwa: vigezo vimeanza na sifuri na kovariansi kubwa. Acha PID iendeshe na kikadiriaji kisikilize tu mpaka kitabiri vizuri, ndipo kiunganishwe. Kama huna geini za kuanzia, fanya jaribio la rilei la Åström na Hägglund la mwaka 1984, ambapo amri inarushwa kati ya viwango viwili. Rilei ya asilimia 5 kila upande ikizalisha wimbi lenye kimo cha asilimia 2, geini ya ukomo (ile ambayo kitanzi huyumba bila kukoma) ni 4 × 5 / (π × 2), yaani 3.18. Hapo una pa kuanzia.

Vitanzi viwili jirani vinayumba kwa zamu: vyote vinajifunza kwa wakati mmoja, kila kimoja kikidhani mwenzake ni mchakato. Kimoja kijifunze, kingine kigande, kisha vibadilishane.

Vigezo vinaharibika baada ya siku nyingi kwenye PLC (kompyuta ndogo ya kuendeshea mtambo), lakini si kwenye kompyuta ya majaribio: namba za biti 32 zina tarakimu 7 hivi za maana, na kovariansi imepoteza ulinganifu au imekuwa hasi. Tumia mgawanyo wa U-D wa Bierman, wa mwaka 1977, unaohifadhi kovariansi kwa vipande ili isipoteze ulinganifu.

Vigezo vinaharibika kwa saa zilezile kila siku: tazama ratiba ya kusafisha na kukalibrisha kichanganuzi. Kipimo kinapogandishwa au kuruka kwa sababu sensa imo kwenye maji ya kalibresheni, kikadiriaji hakijui, na kinajifunza.

Kukirudisha kazini

Ukishatengeneza kilichoharibika, usiwashe kila kitu kwa mpigo. Funga mipaka ya vigezo, weka thamani za kuanzia zinazojulikana kuwa salama, acha kikadiriaji kisikilize kwa zamu nzima yenye angalau badiliko moja la kweli la mzigo, na ulinganishe geini zake na zile ulizozipata kwa jaribio la hatua kwenye mkono. Zikikaribiana, unganisha, lakini ruhusu geini ya kidhibiti isogee kwa asilimia chache tu kwa kila marekebisho.

Kisha orodhesha hali zote ambazo ujifunzaji lazima ugande wenyewe: vali kwenye ukomo, kitanzi cha ndani nje ya otomatiki, hitilafu ya sensa, kalibresheni, pampu kusimama, mtambo kuwashwa au kuzimwa. Kila ugandishaji uandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na sababu yake na vigezo vya wakati huo, ili anayeingia zamu ya usiku ajue kidhibiti kinafanya kazi na modeli ya lini.